Ndago katika ukoka

Mvua zimenyesha, ukoka umestawi, na ndago nazo zimechomoza. Wengi huziona kuwa nyasi tu. Shika shina lake, lizungushe kati ya vidole: la ndago lina pembe 3, la nyasi kwa kawaida ni mviringo. Hapo ndipo dawa inapoamuliwa. Ile 2,4-D ya magugu ya majani mapana haimalizi ndago, na glifosati itaua ukoka pia. Ukiing'oa kwa mkono, shina hukatika, viazi vyake vidogo vikabaki ardhini na kuchipua upya. Inaniuma watunza bustani wanapoitwa wavivu kwa sababu hiyo. Chimbua kwa uma, toa viazi hivyo, kisha rudia kila chipukizi linapotokea, kabla halijazaa vingine.