Kifaa cha Kiongoroni na Sheria ya Hataza

(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa makatibu na wanachama, Kiongoroni)



Mmeniita nizungumzie kifaa cha kukaushia kamba na uduvi alichokibuni fundi wa chama cha hapa, nami nitazungumza muda wote bila ya kukieleza. Msinione mchoyo. Maneno haya yatachapwa katika jarida la Chama Kikuu, na jarida likishachapwa ni la dunia nzima. Kitu kilichokwisha kutangazwa si kipya tena mbele ya sheria ya hataza, hata kama aliyekitangaza ni mwenyewe. Baadhi ya nchi humsamehe aliyejitangazia mwenyewe, kwa miezi kadhaa tu, nyingine hazisamehi. Ndiyo sababu ni watu watatu tu wanaojua ndani ya kifaa kile mna nini, nao wametia sahihi karatasi ya kutunza siri.

Somo hili nililipata kwa machungu. Nilipokuwa katibu wa chama kingine tuliunda mashine ya kubangulia korosho. Kwa furaha tukaipeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane, tukamfafanulia kila aliyeuliza, tukagawa hata michoro. Baada ya misimu miwili tukaikuta dukani mjini, imepakwa rangi nyingine. Wakili tuliyemwendea alituuliza swali moja: mliomba hataza lini? Hatukuwa tumeomba. Hatukuwa na wa kumshitaki.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na dola, ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ya ridhaa yake. Kwa nchi nyingi muda wake ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Naye kwa upande wake hana budi kuueleza uvumbuzi huo kwa ukamilifu, ili muda ukiisha uwe wa wote. Haki hiyo haivuki mpaka, na hapo ndipo wengi hupotea. Hataza iliyotolewa na BRELA chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 inalinda Tanzania Bara. Mafia, ambako boti za Nyamisati huenda, imo humo. Unguja na Pemba hazimo. Mambo haya si ya Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008 pamoja na wakala wake wa usajili. Mwenye kutaka kinga kisiwani na abishe hodi kisiwani.

Je, na nchi za mbali? Hakuna hataza moja ya dunia nzima. Anayewaambia ipo anawauzia upepo. Kilichopo ni Mkataba wa Ushirikiano katika Hataza, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1970, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1999. Majirani zetu wa visiwani nao wamo: Shelisheli tangu 2002, Komoro tangu 2005, na Morisi ilingoja hadi 2023. Kwa mkataba huo mtu huwasilisha ombi moja, nalo huhesabiwa kama limepelekwa katika nchi zote wanachama siku ile ile. Raia wa nchi mwanachama aweza hata kulipeleka moja kwa moja kwenye ofisi ya kimataifa iliyoko Geneva. Ofisi iliyoteuliwa hupekua maandishi ya dunia, ikatoa maoni kama uvumbuzi ni mpya. Ombi hutangazwa baada ya miezi 18. Kisha, kwa nchi nyingi kabla ya mwezi wa 30, mwombaji huchagua nchi anazozitaka kweli, na kila nchi huamua kwa sheria zake.

Ikiwa ombi la kwanza limepelekwa nyumbani, mna miezi 12 ya kulifuatishia la kimataifa bila ya kupoteza tarehe ya kwanza. Mimi nashauri njia hiyo. Kiswahili hakimo katika lugha za kuchapishia maombi hayo, kwa hiyo maelezo ya fundi yatafasiriwa kwa Kiingereza. Mfasiri akae na fundi karakanani, kwa sababu neno moja likikosewa katika madai laweza kuifanya kinga iwe ya kitu kingine.

Sasa fedha. Ada ya kimataifa, iliyokuwa faranga 1,330 za Uswisi mwaka 2024, hupunguzwa kwa asilimia 90 kwa mwombaji wa nchi yenye maendeleo duni kabisa, na Tanzania imo katika orodha hiyo. Punguzo hili ni la vyama pia, si la mtu binafsi tu. Lakini kila mwombaji aliyetajwa katika ombi lazima awe na sifa hiyo. Yuko mnunuzi wa nje aliyejitolea kulipa gharama zote ili jina lake liandikwe pamoja na letu. Akiandikwa, punguzo limekwenda, na nusu ya kifaa imekwenda nalo. Ada ya upekuzi haimo katika punguzo hilo, na gharama za kila nchi zitakuja baadaye, nazo ni nzito. Basi tuchague nchi mbili au tatu tunakouza, tusitamani bahari nzima.

Limebaki lile lililowafanya mzozane tangu asubuhi. Fundi anasema kichwa ni chake. Mwenyekiti anasema mbao, mabati na mishahara ni vya chama. Wote wawili wanasema kweli. Mvumbuzi hutajwa kwa jina lake. Umiliki waweza kuwa wa chama, lakini kwa maandishi, na kwa fungu la mapato ambalo fundi amelikubali kabla ombi halijaondoka. Rasimu ya makubaliano iko mezani kwa karani, na nafasi ya fungu hilo imeachwa wazi. Naomba fundi na mwenyekiti waijaze leo kabla maji hayajakupwa, maana boti ya Nyamisati haitangoja.