Choo cha Behewa na Tangi Lake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Salama)

Ndugu wanachama, nyinyi mliofanya kazi ya njia katika reli ya zamani, kutoka Kiu mpaka Sultan Hamud, mnajua uchafu wa vyoo vya mabehewa ulikwenda wapi. Ulishuka kwa bomba juu ya mataruma, na genge likaja nyuma na sururu.

Dawa yake ni tangi chini ya behewa, kama lililomo katika mashua za tanga za matajiri. Tangi lataka mabomba matatu: la kuingizia, la kutolea, na la pumzi. Hili la pumzi watu hulidharau kwa kuwa ni jembamba. Likiziba, hewa haiingii, harufu huzidi, na pampu ikinyonya kwa nguvu tangi laweza kubonyea. Tena bomba la uchafu lisiachwe lilegee katikati, maana maji yatasimama humo yanuke.

Lakini tangi halijimwagi. Yuko mtu wa kulifungua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kumpa mtu huyo glavu na viatu vya kufaa. Atakayeambiwa aunge mpira kwa mikono mitupu, aje kwa katibu wa tawi kabla hajaushika.