Nani Ashike Bendera? Wagombea, Sajili na Intaneti



Tumeombwa tuseme neno juu ya jambo linalowakosesha usingizi wapenda mageuzi kila uchaguzi mkuu unapokaribia. Miongoni mwa wanaoitaka bendera ya chama, nani apewe? Na je, intaneti yaweza kutusaidia kumpima? Vijana wetu huona jibu la swali la pili kuwa dhahiri. Hutoa simu, wakatuonyesha mgombea mwenye wafuasi milioni moja na mwenzake mwenye elfu hamsini, kisha wakatuuliza tunangoja nini. Hawaulizi kwa dharau, na ni haki yao kujibiwa.

Tuanze na mwaka 1988. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajausahau mlolongo. Katika mchujo wa KANU wa mwaka huo wananchi walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amepita bila kupingwa, asirudi tena kwa wananchi kuomba kura ya siri. Watetezi wa mtindo huo walisema hakuna uchaguzi ulio wazi kuushinda, kwa kuwa kila jicho linaona. Kweli kila jicho liliona. Lakini mahali pengi mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na watu walipokwisha kutawanyika hapakubaki karatasi ya kupeleka mahakamani. Sisi mawakili twajua uchungu wa kesi isiyo na karatasi.

Kwa maoni yetu, wingi wa wafuasi mtandaoni ni mlolongo wa pili, nao ni mbaya kuliko wa kwanza, maana mtu mmoja aweza kusimama ndani yake mara mia, na aliye Nairobi akajifanya yuko Garissa. Septemba 2021 watafiti wa Mozilla Foundation walieleza jinsi vijana humu nchini walivyokuwa wakilipwa dola 10 hadi 15 kwa kampeni moja ili waeneze hashtegi za kisiasa, baadhi yazo zikiwashambulia majaji na wanaharakati waliopinga BBI. Hiyo ni foleni ya kukodi.

Wamarekani waliyaona mambo haya mapema. Mwaka 2003 Howard Dean, aliyekuwa gavana wa Vermont, alikusanya fedha kuliko mpinzani yeyote katika chama cha Democratic, nyingi zikipitia kwenye intaneti. Magazeti yalimtaja kana kwamba amekwisha kuteuliwa. Tarehe 19 Januari 2004 watu wa Iowa walipokutana kupiga kura, alipata asilimia 18 hivi, akawa wa tatu nyuma ya John Kerry na John Edwards. Miaka minne baadaye Barack Obama, ambaye asili ya baba yake twaijua sote, alitumia chombo hichohicho kwa namna nyingine. Watu wake walikifanya daftari la kuandikisha waliojitolea na kuwatuma nyumba kwa nyumba. Tena walikuwa wamezisoma kanuni za chama, wakajua kwamba majimbo yanayochagua kwa mikutano huzaa wajumbe wengi kwa gharama ndogo. Hillary Clinton alishinda California na New York, lakini hesabu ya wajumbe ilimshinda.

Sisi huku nyumbani, kanuni ndiyo iliyotuvunja. Kifungu 2A kilipofutwa Desemba 1991, FORD ilikuwa na wagombea wawili ambao chama chochote kingejivunia. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa nchi hii, alikuwa amepita umri wa miaka 80, na nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya upinzani na ya kizuizini. Kenneth Matiba alikuwa amejiuzulu uwaziri mwaka 1988 kwa kuchukizwa na wizi wa kura ndani ya chama, akatiwa kizuizini mwaka 1990, akapatwa na kiharusi humo, na aliporejea kutoka London Mei 1992 alilakiwa na umati mkubwa ajabu. Tukiwapima kwa haki, Jaramogi alikuwa na uzito wa historia na subira ya mashauri. Matiba alikuwa na hamasa na uzoefu wa kuendesha shughuli kubwa, ingawa afya yake ilitia wasiwasi. Yeyote kati yao angefaa.

Ugomvi ulizuka juu ya njia. Upande wa Matiba ulitaka wanachama wote wapige kura; upande wa Jaramogi ulitaka wajumbe wachague. Kila upande ulishika njia iliyoelekea kumpa ushindi mtu wake, na hapakuwa na sajili ya wanachama ambayo pande zote mbili ziliiamini. Kufikia Oktoba 1992 zilikuwapo Ford-Kenya na Ford-Asili. Tarehe 29 Desemba Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi. Matiba alipata 26, Kibaki wa DP 19, Jaramogi 17. Hatudai kwamba kura zote za wawili hao zingemfuata mmoja, lakini hata sehemu yake ingetosha kubadili historia.

Kwa hiyo kijana anapotuuliza intaneti yafaa nini, twamjibu kwamba inafaa sana, ila kwa kazi ya ukaguzi. Juni 2021 Wakenya walipoweza kuitazama sajili ya vyama kupitia eCitizen, wengi walijikuta wanachama wa vyama wasivyopata kujiunga navyo. Uongo uliokaa kabatini kwa miaka ulionekana kwa siku chache. Na Agosti 2022, tume ya uchaguzi ilipoziweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, mwalimu wa kijijini aliweza kujumlisha mwenyewe bila kumwomba mkubwa ruhusa. Laiti tungalikuwa na chombo hicho mwaka 1988!

Sheria ya vyama vya kisiasa ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, yakiruhusu chama kuteua moja kwa moja kwa kura za wanachama au kupitia kwa wajumbe. Rai yetu ni kwamba njia iamuliwe kabla majina hayajapokelewa. Wanaoitaka bendera watakapofika mbele ya matawi, wasiulizwe wana wafuasi wangapi. Waulizwe kama wako tayari kutia sahihi kwamba watayakubali matokeo, nani anawalipa wanaowasifu mtandaoni, na kama watakubali sajili ikaguliwe na wapinzani wao. Atakayekwepa swali la mwisho tumtilie shaka hata kama hotuba yake ni tamu.

Barua za kuomba kuikagua sajili ya tawi ziko kwa katibu, karibu na mlango. Mwenye kitambulisho asiondoke kabla ya kutia sahihi.