Mgongo Ukiuma, Usiufiche na Usiulaze

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi letu la bandari, Mombasa. Tumeichapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Nimeombwa niseme machache juu ya maumivu ya mgongo na viungo. Mimi si daktari. Nilikuwa mchukuzi wa magunia hapa Kilindini, na haya nitakayoyasema nimeyajua kwa njia mbili: kwa kuumia, na kwa kufundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenisimamisha tena.

Mwaka 1996 tulikuwa tukishusha sukari melini, gunia la kilo 50. Niliinama nikalinyanyua huku nimejipinda upande, nikasikia kiunoni kama kamba inayokatika. Sikumwambia mtu. Nilikuwa kibarua wa siku, na kibarua asemaye anaumwa, kesho haitwi getini. Nikajikaza siku 2. Siku ya 3 sikuweza kuvaa viatu vyangu mwenyewe.

Hapo nikalala kitandani wiki 3. Watu wa nyumbani walinikanda kwa maji moto, wakaniletea chai pale pale nilipolala, wakanikataza hata kwenda msikitini. Walifanya kwa mapenzi, lakini kila siku iliyopita nilizidi kukakamaa. Nilipopelekwa hospitali, yule mtaalamu aliniuliza kwanza, "Baba, umelala siku ngapi?" Nilipomjibu alitikisa kichwa, akasema, "Sasa tuna kazi mbili: ya mgongo, na ya kitanda."

Alinieleza hivi. Uti wa mgongo ni kama mlingoti wa jahazi. Mlingoti hausimami kwa ugumu wake tu, bali hushikwa na kamba pande zote. Kamba za mgongo ni misuli ya tumbo, ya kiuno na ya makalio. Mtu akilala siku nyingi misuli hiyo hulegea, na mzigo wote huangukia pingili na zile sehemu laini zilizo kati yake. Ndipo maumivu hurudi kila mara.

Ndugu zangu, maneno haya si ya mtu mmoja tu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Mwaka 2023 Shirika hilo lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu. Linashauri mazoezi na mafunzo, na halishauri kutegemea mishipi ya kufunga kiuno. Najua wengi wenu mmenunua mishipi hiyo. Fedha imekwisha kwenda, lakini msidhani kuwa mshipi utafanya kazi ya misuli.

Sasa mazoezi yenyewe. Hayahitaji mashine wala fedha, mkeka watosha.

Kwanza, kutembea. Anza dakika 10 kwa siku, mahali tambarare, ukaongeze kidogo kidogo.

Pili, lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini. Hesabu 5, shuka polepole. Fanya mara 10.

Tatu, kaa kama mtoto atambaaye. Nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, hesabu 5, kisha ubadilishe. Mara 5 kila upande. Mgongo usiyumbe.

Nne, kwa wenye magoti mabovu: kaa kitini, simama, kaa tena, mara 10, bila kusukuma kwa mikono ukiweza. Goti hulindwa na misuli ya paja. Wengi huacha kutembea kwa sababu goti linauma, paja likanyong'onyea, na goti likazidi kuuma.

Kipimo ni hiki. Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake si hatari. Kama asubuhi umeamka vibaya kuliko jana, punguza, lakini usiache kabisa. Mimi nilikaa miezi 4 nikifanya hivyo kila asubuhi kabla sijarudi kazini.

Lakini yapo maumivu yasiyongoja mazoezi. Ukiona ganzi sehemu za siri, au mkojo au choo vinakushinda, au mguu unalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vile vile umwone daktari upesi kama maumivu yana homa, au unakonda bila sababu, au yameanza baada ya kuanguka. Kifua kikuu nacho huweza kuingia katika uti wa mgongo, na hakiponi kwa kunyosha miguu.

Msidhani haya ni ya wachukuzi peke yao. Siku hizi mizigo mingi huja ndani ya makontena. Dereva wa kreni hukaa juu saa nyingi shingo imeinama akitazama chini. Dereva wa lori huenda mpaka Malaba akitikiswa kitini. Karani hukunja mgongo mbele ya kompyuta. Hao nao wasimame na kujinyosha kila wapatapo nafasi, na nafasi hiyo tuidai.

Maana lipo jambo ambalo mazoezi hayawezi kulifanya. Hayawezi kumfanya mtu mmoja awe watu wawili. Tajiri asije akatuambia, "Fanyeni mazoezi," kisha akatuongezea mzigo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumtwika mfanya kazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Mzigo ukiwa mzito, waje wawili, au lije toroli. Hiyo si dalili ya uvivu.

Na ukiumia, sema siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi, jina lako liandikwe. Kwa Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini, nayo ya mwaka 2007, mwajiri anatakiwa kupeleka habari ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na dai la fidia lina muda wa miezi 12. Sheria ya fidia ilikuwapo hata nilipoumia mimi, ingawa ilikuwa nyingine. Nilipokwenda kuuliza haki yangu, karani alifungua daftari akanionyesha siku ile ya sukari. Jina langu halikuwamo. Hakunidhulumu, nilijidhulumu mwenyewe kwa kunyamaza. Matibabu yote nililipa kwa kuuza baiskeli na cherehani ya mke wangu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Wazee wetu waligoma hapa Mombasa mwaka 1947, na tena bandarini mwaka 1955, ili mfanya kazi apate mshahara wa kutosha. Mshahara huo huletwa nyumbani na mgongo. Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa kila zamu: kibarua akisema ameumia, msimwache aende getini peke yake. Mfuateni mpaka jina liandikwe. Kama mwaka ule angekuwapo mtu mmoja wa kunishika mkono, ningalisema.

Nimekwisha. Sasa, kabla hatujatawanyika, tusimame wote tujinyoshe.