Mwenye Mwili Aambiwe

Usajili wa makonstebo 10,000 wa polisi umepita. Jumatatu ile ya Novemba 17, 2025, nani kachukuliwa na nani kaachwa, mmeshasikia. Kinachokikera kituo hiki cha utangazaji ni wale waliotolewa kwenye foleni wakaambiwa waende nyumbani, basi.

Mnavijua vipimo vya uwanjani. Kijana yuko peku mchangani, suruali kaikunja hadi magotini, anakenua meno yakaguliwe, nyayo zitazamwe kama ni bapa, na mtaa mzima unachungulia uani. Afya yake inasomwa hadharani, ila yeye hasomewi. Sokoni kwetu, mnunuzi akifungua kinywa cha ngamia akaona kasoro, humwambia mwenye ngamia. Kijana wetu haambiwi.

Hatupingi kupimwa. Askari asiyeona vizuri ni hatari kwake na kwetu, hasa barabara ya Dadaab. Tunapinga kupimwa bila kuambiwa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa serikali sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Sheria ya UKIMWI ya 2006 inakataza kipimo cha virusi kuwa sharti la ajira. Bila karatasi, utajuaje umeachwa kwa lipi?

Na sisi huku hatukuanza kupangwa foleni juzi. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walichujwa uraia wao. Mchujo wa vitambulisho ukaendelea miaka na miaka, hadi Rais alipotangaza Februari 2025 kwamba umefutwa. Leo ukimkataa mtoto wa watu hao kimyakimya, ataamini ni meno? Ataamini ni jina lake. Ataamini ni bahasha ya hongo. Huenda ni meno kweli, lakini haambiwi!

Waheshimiwa wabunge wetu, hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapa mjini. Daktari yupo, chumba kina mlango. Kijana apimwe ndani, atoke na karatasi yake. Simameni bungeni mlidai hilo!

Nawe uliyeachwa, usikae tu. Andika barua leo, ipeleke kwa wakuu wa usajili, uulize umekutwa na nini. Wasipojibu, andika tena. Nakala ya barua tuletee hapa tuwaulize hewani. Majibu ya daktari usituletee, hayo ni yako.