Siku 30 Baada ya Kutoka Wodini: Wasindikizaji wa Wagonjwa wa Moyo Miongoni mwa Wanaume Weusi wa Marekani

Mgonjwa wa moyo anaporuhusiwa kurudi nyumbani nchini Marekani, huondoka na karatasi mkononi: orodha ya dawa, tarehe ya kliniki, onyo kuhusu chumvi na agizo la kujipima uzito kila asubuhi. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo moja kwa siku, au kilo mbili na ushei kwa wiki, huenda maji yanajaa mwilini, na anatakiwa kupiga simu mara moja. Maelekezo hayo ni mazuri. Shida ni kwamba yanachukulia kuwa nyumbani kuna mzani, duka la dawa liko karibu, bima italipia kila kidonge, na simu ikipigwa itapokewa.

Mara nyingi kimojawapo hukosekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, ulionyesha kuwa karibu mmoja kati ya watano alilazwa tena ndani ya siku 30. Kwa wale ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, ilikuwa zaidi ya mmoja kati ya wanne. Kuanzia Oktoba 2012 hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita kiasi zilianza kukatwa malipo, na adhabu hiyo baadaye ikaweza kufika asilimia 3. Hapo ndipo wakurugenzi wengi walipoanza kuuliza habari za nyumbani kwa mgonjwa. Swali ambalo wauguzi walikuwa wakiliuliza siku zote.

Kwa wanaume Weusi, ugonjwa hauwangoji wazeeke. Utafiti wa CARDIA uliwafuatilia vijana 5,115 wa kike na wa kiume, Weusi na Weupe, kwa miaka 20. Kati yao, 27 moyo wao ulishindwa kusukuma damu vizuri wakiwa bado watu wa makamo au chini ya hapo, na 26 walikuwa Weusi. Presha iliyoachwa bila tiba tangu ujanani ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Ugonjwa unaodhaniwa kuwa wa mababu unamkuta baba wa watoto wadogo, ambaye siku moja ya kliniki ni siku moja bila ujira.

Kuna pia suala la imani. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwatazama mamia ya wanaume Weusi wakiugua kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Habari hiyo bado inasimuliwa katika familia, na daktari asishangae anapojibiwa kwa mkato.

Wazo la msindikizaji, mtu wa kumshika mgonjwa mkono katika haya yote, lilitoka kwenye tiba ya saratani. Mwaka 1990 daktari wa upasuaji Harold Freeman alianza kuwatumia watu wa kawaida katika mtaa wa Harlem, New York, kuwasaidia wagonjwa wavuke vikwazo kati ya kipimo na tiba. Mwaka huohuo yeye na Colin McCord walionyesha kuwa mwanamume Mweusi wa Harlem alikuwa na nafasi ndogo ya kufika miaka 65 kuliko mwanamume wa Bangladesh.

Kwa wagonjwa wa moyo, kazi ya msindikizaji haina mbwembwe. Anapiga simu siku mbili tatu baada ya mgonjwa kutoka, anatafuta usafiri wa kliniki, anakaa naye mezani kupanga vidonge, anabishana na watu wa bima. Haandiki dawa wala hatoi ushauri wa kitabibu.

Mfano unaong'aa zaidi unatoka kwa vinyozi. Mwaka 2018 Ronald Victor na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya jaribio katika maduka 52 ya vinyozi, kwa wanaume Weusi 319 wenye presha. Kinyozi alihimiza, lakini mfamasia alikuja palepale dukani, akapima na kuandika dawa kwa makubaliano na madaktari. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilishuka kwa pointi 27. Kwa kundi la mawaidha tu, pointi 9. Kinyozi alifungua mlango, na ndani yake palikuwa na tiba.

Pasipo mlango wa kuingia, ukarimu hauonekani katika takwimu. Camden, New Jersey, wagonjwa 800 waliokuwa wakilazwa mara kwa mara waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wakapata timu ya wauguzi, maofisa ustawi na wahudumu wa jamii. Matokeo ya 2020: katika siku 180, asilimia 62.3 ya waliosaidiwa walirudi hospitali, na asilimia 61.7 ya wengine. Philadelphia, katika jaribio la wagonjwa 446 lililochapishwa 2014, waliosaidiwa na wahudumu wa mitaa yao waliwahi zaidi kliniki, na waliolazwa tena hawakurudia mara nyingi kama wenzao, ingawa idadi ya waliorudi angalau mara moja haikutofautiana sana.

Kipimo chenyewe cha kulazwa tena kina kasoro. Msindikizaji makini akiona miguu imevimba, humhimiza mgonjwa arudi hospitali leo, si kesho. Kwenye hesabu hilo huandikwa kama kushindwa.

Kenya, iliyozindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwaka 2023 na kuwapa vifaa pamoja na mashine za presha, inakabiliwa na swali hilohilo la mlango na tiba iliyo ndani yake: aliyepima na kukuta presha iko juu anampeleka mgonjwa kwa nani, na huko dawa zipo?

Marekani, miradi mingi iliishi kwa ruzuku, ikafa nayo. Tangu Januari 2024, Medicare inalipia kazi ya wasindikizaji waliofunzwa walio chini ya usimamizi wa daktari: dakika 60 za kwanza kwa mwezi, kisha kila dakika 30 zinazoongezeka. Saa ya kubishana na bima kwa niaba ya mgonjwa sasa ina namba yake kwenye ankara.