Chupa Ilifungwa, Kiu Ikabaki

  Aliye jikoni na asogee karibu na redio, naye baba aliyerudi kazini na apumzike kidogo, atusikilize.

Leo tutazungumza habari za pombe na sigara. Najua kuna mmoja atakayesema, "Mhubiri ameanza tena!" La, ndugu yangu, usifunge redio. Sikuja kuhesabu chupa zako. Nataka tuyafikirie mambo yaliyotokea Afrika Kusini mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, kwa maana yana funzo kwa mnywaji na kwa asiyekunywa pia.

Tarehe 27 Machi mwaka ule watu wa nchi hiyo waliamriwa kukaa majumbani mwao, na uuzaji wa pombe na tumbaku ukapigwa marufuku. Hapa kwetu Kenya mabaa yalifungwa pia, hata mwisho wa Septemba, lakini mtu aliweza kununua chupa dukani akaenda nayo nyumbani. Kule, hata chupa ya kwenda nayo nyumbani ilikatazwa. Pombe iliruhusiwa tarehe 1 Juni, ikakatazwa tena tarehe 12 Julai. Nazo sigara hazikuuzwa kwa halali mpaka Agosti, karibu miezi mitano.

Serikali ilikuwa na sababu yake. Ulevi huleta ugomvi, visu na ajali za barabarani, na majeruhi hao hujaza vitanda vya hospitali. Je, wagonjwa wa Korona walioshindwa kupumua wangelazwa wapi? Na kweli, pombe ilipokosekana vyumba vya majeruhi vilipata nafasi. Ilipofunguliwa mwezi wa Juni, majeruhi wakarudi. Tusilifanyie mzaha jambo hili. Nani atasema kwamba kitanda kilichobaki wazi usiku mmoja hakikuokoa mtoto wa mtu?

Lakini wengine walilia. Vibarua wa mashamba ya mizabibu na wafanyakazi wa viwanda vya bia walikosa kazi. Akina mama waliolisha watoto kwa kuuza pombe mitaani walikosa riziki. Hazina ya serikali ilikosa ushuru. Na je, watu waliacha? Wengi walinunua mananasi, sukari na hamira, wakachachusha pombe jikoni. Sigara ziliuzwa kwa siri kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Tajiri alivuta, maskini aliyeshindwa kuacha alivuta kwa pesa ya unga, na walanguzi wakatajirika. Mwezi wa Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Cape Town iliamua kwamba marufuku ile ya tumbaku ilikwenda kinyume cha katiba.

Ndugu zangu, ili tuelewe kilio hicho, yafaa tukumbuke mambo ya zamani. Katika mashamba ya mizabibu ya Cape, kwa vizazi vingi, vibarua walipewa divai kuwa sehemu ya mshahara wao. Mjini Durban, tangu 1909, baraza la mji lilijipa haki ya kuwauzia Waafrika pombe katika vilabu vyake. Mwanamke wa Kiafrika aliyepika pombe nyumbani alikamatwa, kumbe faida ya vile vilabu ndiyo iliyolipia utawala uliowabana Waafrika wenyewe! Ndiyo maana vijana wa Soweto walipoasi mwaka wa 1976, walichoma vilabu vya pombe pamoja na ofisi za serikali. Walijua nani ananenepa baba zao wakilewa.

Sasa mfikirie mzee aliyelipwa kwa divai tangu ujana wake. Siku moja sheria inamwambia, "Acha!" Mikono yake yatetemeka, usingizi hauji. Sheria imemnyang'anya kikombe. Je, imempa nini badala yake?

Wako wanaosema tusikataze, tutoze kodi tu. Kodi hii watu huiita kodi ya dhambi, na mwezi wa Februari 2021 Afrika Kusini iliipandisha kwa asilimia 8, kwa pombe na kwa tumbaku. Kodi ina faida yake, kwa sababu sigara ikiwa ghali kijana mwenye shilingi chache huona afadhali asianze. Lakini ina mtego wake pia. Mwenye shamba akizoea kula matunda ya mti, shoka huwa zito mkononi mwake. Serikali inayojaza hazina kwa glasi ya mlevi, je, itafurahi kweli siku mlevi huyo atakapoacha?

Katika kitabu cha Nabii Yeremia tunasoma habari za Warekabi. Nabii aliwaingiza katika nyumba ya Bwana, akawawekea divai mbele yao, akawaambia wanywe. Hapakuwa na askari mlangoni. Hapakuwa na faini wala kodi. Walikataa, kwa sababu Yonadabu baba yao aliwaagiza, na agizo lile lilitunzwa nyumbani mwao, mzazi akimpa mwana, mwana akimpa mjukuu. Kikombe kilikuwa wazi, lakini wao walikuwa na kitu walichokithamini kuliko kikombe.

Hilo ndilo jambo ambalo marufuku haiwezi kulileta, na kodi haiwezi kulinunua. Sheria yaweza kufunga chupa kwa muda, na pengine yapasa kufanya hivyo ili hospitali zipumue. Kiu ya moyo hutulizwa na watu walio karibu: mke, ndugu, jirani, mzee wa kanisa.

Basi nakuuliza, msikilizaji. Yuko mlevi katika kijiji chako, nawe wamjua kwa jina. Chifu akimkamata, wasema, "Afadhali." Je, ulikwenda lini kuketi naye akiwa hajanywa? Mtoto wake akikosa karo, ulimcheka au ulimsaidia? Akijaribu kuacha, akatetemeka usiku, nani atampeleka kwa daktari? Nawe unayekunywa, usingoje serikali ikufungie duka. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo kabla jua halijatua, "Ndugu, nimeshindwa, nishike mkono."

Bwana awape nguvu wanaoshindana na kiu hiyo, awape na subira wanaoishi nao nyumba moja. Kwaherini, mpaka wakati mwingine.